Nani Aliingia Namba Sita? Dhidi ya Makala za Walevi

Kuna makala moja ambayo sote tumeisoma mara mia, ila kila mara inakuja na jina jipya la mwandishi. Inaanza na harufu ya bia. Anafuata mshabiki kavua shati, macho mekundu, anamtukana mwamuzi. Chupa inaruka. Hapo mwandishi anavuta pumzi, anaandika neno "umati", na tangu hapo umati ndio mhusika pekee: umati ulilewa, umati ulichachamaa, umati ulisahau ubinadamu wake. Unafika mwisho wa makala na bado hujui mchezo wenyewe ulikwendaje. Nani alitangulia? Nani aliwekwa nyuma, na kwa nini? Nahodha aliona nini hata akabadilisha mpango? Hakuna. Tumepewa walevi, tumenyimwa mchezo.

Naandika kuipinga makala hiyo, na naipinga kama mtu wa Tabora. Mji wetu ni miongoni mwa miji ya bara iliyoandikwa mapema kwa mtindo huohuo, zaidi ya miaka 160 iliyopita, kabla hata mpira haujafika. Kwa hiyo tusizungushane: hoja yangu ni kwamba ulevi wa watu wengi ni habari rahisi, mpangilio wao ni habari ngumu, na sisi tunaojiita wapenzi wa fasihi tumekuwa tukishabikia ile rahisi na kuiita uhalisia.

Kalamu inayoamka pombe inapofika

Tuanze nyumbani. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakaingia Kazeh, yaani Tabora hii hii, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134 njiani. Kitabu alichokitoa Burton mwaka 1860 kimejaa manung'uniko juu ya wapagazi: wavivu, watoro, wagomvi, walevi. Ukisoma kurasa hizo peke yake utadhani mizigo ile ilijibeba yenyewe kutoka pwani mpaka Unyanyembe.

Lakini Burton alikuwa na jicho, hilo simnyimi. Katika kitabu hichohicho ameeleza msafara ulivyojipanga, na ukitulia ukasoma, unashangaa. Mbele anakwenda kiongozi, wao waliandika kirangozi, kavaa nguo nyekundu na mapambo ya kichwani, bendera juu, ngoma jirani yake. Hakuna ruhusa ya kumtangulia. Anayethubutu anachomolewa mshale kwenye podo lake, ili mwisho wa mwendo ajulikane na awajibike. Nyuma ya kiongozi wanafuata wabeba pembe, wale wenye nguvu kuliko wote, na kengele zimefungwa kwenye ncha za pembe. Baada yao nguo na shanga. Kisha mizigo ya chini: chumvi, tumbaku, majembe, mikeka, mahema. Mwisho kabisa wanakwenda wenye mali, ili wamwone kila anayechepuka. Mzigo wa mtu ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na ushee, na mtu huyo anatembea hivyo kwa miezi.

Sasa niambie, jamani, watu waliojipanga namna hiyo ni umati?

Chukua na jambo jingine, lile ambalo wasafiri waliliandika kwa jina la tirikeza. Kati ya Ugogo na Unyanyembe kulikuwa na nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali. Kuivuka asubuhi ungekufa kiu. Kwa hiyo watu walikula na kunywa maji ya kutosha mchana, wakaondoka jua likishaanza kuinama, wakatembea mpaka giza, wakalala bila maji, wakaamka kabla ya alfajiri na kuyafikia maji kesho yake kabla ya jua kali. Yaani waliukata mwendo wa siku moja katikati na kuuweka usiku ndani yake. Hiyo ni hesabu. Ni akili ya watu waliojua miili yao inadumu kwa saa ngapi. Walioijua hesabu hiyo walikuwa Wanyamwezi wenye kazi yao, si Burton, ambaye sehemu kubwa ya safari alikuwa mgonjwa, juu ya punda au kwenye machela mabegani mwa haohao aliowaita wavivu.

Halafu msafara unafika kijiji chenye maji na mtama. Watu wanashusha mizigo, wanakunywa pombe, wanacheza ngoma mpaka usiku wa manane. Na hapo ndipo kalamu ya mgeni inapoamka! Siku nne za mpangilio zinapewa mstari mmoja, usiku mmoja wa pombe unapewa ukurasa.

Mtazame Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao, akauzwa utumwani, akapelekwa India, akarudi akiwa mtu huru. Alikwenda na Burton na Speke, akaenda tena na Speke na Grant, akaenda na Henry Morton Stanley mwaka 1871, kisha na Verney Lovett Cameron mpaka bahari ya upande wa pili. Mabwana zake walimlalamikia mara kwa mara kwa ulevi. Sawa, labda alikunywa. Lakini mtu anayewapanga watu kutoka bahari moja mpaka nyingine, anajua nani atangulie na nani abaki na mizigo, nani alipwe leo na nani asubirishwe, amebaki vichwani mwa wasomaji wengi kama yule msaidizi aliyependa pombe. Stanley aliigawa safari yake katika misafara mitano, wa kwanza ukaondoka Februari na yeye mwenyewe akafunga njia Machi. Huo ni mpangilio, na mpangilio ule ulitokana na elimu ya watu wa njia hii. Sifa zikaenda London.

Linganisha na Waswahili walipoandika wenyewe. Msome Tippu Tip katika habari za maisha yake, au Selemani bin Mwenye Chande katika *Safari za Wasuaheli*, kile kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1901. Hawa si malaika. Wengine walifanya biashara ya watu, na hilo tusilifunike. Lakini kama waandishi wanahesabu. Hongo ya mtemi huyu nguo ngapi, pembe ngapi, nani alitumwa mbele kuzungumza, nani alibaki nyuma. Kwao watu wa msafara wana kazi na wana nafasi.

Kwani kriketi inahusu nini Tabora?

Najua mtaniuliza. Tabora tuna Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, tuna mpira wa miguu, tuna asali na maembe. Kriketi kwetu imekaa miaka mingi kama mchezo wa klabu za Dar es Salaam na wa ndugu zetu wenye asili ya Asia. Hilo linabadilika, na vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026. Ila sababu yangu ni nyingine. Kriketi ndio mchezo unaofanana kuliko yote na msafara wa Unyanyembe, kwa sababu kiini chake ni swali moja: nani atangulie?

Kwa asiyeujua, nieleze kwa ufupi. Timu ina watu 11. Wapigaji wanaingia wawili wawili. Mmoja akitolewa, anayefuata kwenye orodha anaingia. Orodha hiyo haijafungwa kwa sheria. Nahodha anaweza kuibadilisha dakika yoyote. Wa kwanza wanakutana na mpira mpya, mgumu, unaoruka na kupinda, na warushaji ambao hawajachoka. Wa mwisho kwa kawaida ni warushaji wenyewe, ambao kupiga si kazi yao. Kwa hiyo kila jina kwenye orodha ni uamuzi: huyu namtoa mhanga, huyu namhifadhi, huyu namsubirishia saa yake.

Katika mechi za siku tano kuna hata desturi inayonikumbusha tirikeza. Mpigaji akitolewa jioni, mwanga ukiwa umeanza kufifia, nahodha anaweza kumtuma mchezaji dhaifu wa kupiga amalize muda uliobaki, ili mpigaji hodari aamkie kesho na nguvu zake. Wanamwita mlinzi wa usiku. Ona tofauti: msafara wetu uliweka wenye nguvu mbele wabebe pembe, mchezo huu wakati mwingine unamweka mnyonge mbele amkinge mwenye nguvu. Mwandishi wa riwaya akikosa kuona hadithi hapo, basi aache kazi.

Na tuna mwandishi aliyeona kutoka ndani. John Nagenda wa Uganda, mtunzi wa riwaya *The Seasons of Thomas Tebo*, aliichezea Afrika Mashariki katika Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, Birmingham, tarehe 7 Juni 1975, dhidi ya New Zealand. Wenzetu walifunga mikimbio 309, Glenn Turner peke yake 171 bila kutolewa. Sisi tukapata 128. Kipigo, ndiyo. Lakini timu yetu ilizimaliza ova zote 60 ikiwa imepoteza wiketi nane, haikutolewa yote. Watu wale waliona kushinda hakuwezekani, wakachagua kudumu. Nagenda alifariki mwaka 2023, na sehemu kubwa ya maombolezo niliyosoma ilimtaja kama mtu wa siasa na mwandishi wa safu kali magazetini. Mchezo ulipewa kifungu kidogo.

Machi 1996

Sasa nije kwenye mfano ninaouegemea zaidi. Kombe la Dunia la 1996 lilifanyika India, Pakistan na Sri Lanka. Kenya ilikuwepo. Tarehe 29 Februari, mjini Pune, Kenya ilifunga mikimbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Nairobi hawajaisahau siku ile mpaka leo.

Siku sita baadaye, tarehe 6 Machi mjini Kandy, Kenya ikakutana na wazo jipya. Desturi ya zamani ilisema wapigaji wawili wa kwanza ni watu wa subira: wauchakaze mpira mpya, wasitolewe, mikimbio itakuja baadaye. Sri Lanka waliligeuza jambo. Kanuni ya mashindano iliruhusu wachezaji wawili tu wa upinzani kukaa mbali kwenye ova 15 za mwanzo, maana yake nafasi ziko wazi. Kwa nini basi uweke watu wa subira wakati mlango uko wazi? Wakawatanguliza Sanath Jayasuriya na Romesh Kaluwitharana, watu wa kupiga kwa nguvu tangu mpira wa kwanza. Siku ile Jayasuriya alipata 44 na Kaluwitharana 33. Hazionekani nyingi. Lakini walishauvunja mlango, wakaja akina Asanka Gurusinha na Aravinda de Silva wakaingia kwa miguu miwili. De Silva alifunga 145. Jumla ikawa 398, rekodi ya dunia ya wakati ule. Kenya walijibu kwa 254, Steve Tikolo akitolewa akiwa na 96. Kwa hiyo mapinduzi ya mpangilio wa kriketi ya kisasa yana Waafrika Mashariki ndani yake, waliosimama juani wakiyapokea. Kuna hadithi ngapi za Kiswahili kuhusu siku ile? Mimi sijaiona hata moja.

Wiki moja baadaye, tarehe 13 Machi, Sri Lanka walikuwa Kolkata kucheza nusu fainali na India, uwanja wa Eden Gardens, mbele ya watu kama laki moja. Mechi hiyo wengi wanaijua kwa picha: viti vinawaka moto, chupa zinamiminika uwanjani, mwamuzi mkuu wa mechi Clive Lloyd anaisimamisha na kuwapa Sri Lanka ushindi, Vinod Kambli anatoka akilia. Umati, umati, umati.

Hebu tusome orodha. Azharuddin, nahodha wa India, alishinda kura ya sarafu akachagua Sri Lanka waanze kupiga. Katika ova ya kwanza tu Jayasuriya na Kaluwitharana wote wakatolewa. Mpango ule mpya ulikufa dakika tano za mwanzo. Akaingia de Silva, akapiga 66 kwa mipira 47, na Sri Lanka wakafika 251, kwa sababu mpangilio mzuri haumtegemei anayetangulia peke yake. India wakajibu vizuri: walikuwa na 98 kwa wiketi moja, Sachin Tendulkar amefikisha 65. Kisha Tendulkar akatolewa, na nyumba ikaanguka. Na katikati ya kuanguka kule, namba sita akaingia Javagal Srinath. Srinath! Mrushaji wa kasi, mtu wa mwisho mwisho kwenye orodha, akaingia kabla ya Ajay Jadeja ambaye kupiga ndiyo kazi yake. Alipata sita. Jadeja alipoingia hakupata kitu. Kutoka 98 kwa wiketi moja wakafika 120 kwa wiketi nane, ndipo moto ukawaka.

Kwa nini Srinath? Nahodha alitaka mtu wa kuvunja minyororo kwa nguvu? Aliogopa? Alimficha Jadeja kwa ajili ya saa iliyokuwa haiji? Sisemi watu waliwasha viti kwa sababu ya namba sita. Kiwanja kilikuwa kimechakaa, mpira unazunguka, na wapigaji wa Sri Lanka walikuwa wamefanya kazi yao. Nasema hivi: laki ya watu pale walikuwa wanaisoma orodha. Walijua kriketi kuliko wengi walioandika juu yao. Waliona mpango unavunjika mtu baada ya mtu. Kitendo chao ni kibaya na hakihitaji wakili, ila kina sababu, na sababu hiyo haipo kwenye chupa.

C. L. R. James alishatuonyesha

Mwandishi mmoja alishaifanya kazi hii, na kila mpenzi wa fasihi anapaswa kumsoma hata kama hapendi kriketi. C. L. R. James wa Trinidad alichapisha *Beyond a Boundary* mwaka 1963. Miaka mitatu kabla, tarehe 30 Januari 1960, watazamaji wa Port of Spain walirusha chupa uwanjani baada ya Charran Singh kutolewa, katika mechi ya West Indies na Uingereza. Mchezo ukasimama. Maelezo mepesi yalikuwa tayari mezani: jua, ramu, kamari. James hakuyaridhia. Aliwatazama watu wale na kuuliza wana hasira ya muda gani na juu ya nani. Jibu lake lilikuwa kwenye mpangilio: nahodha alikuwa Gerry Alexander, na Frank Worrell, mtu mweusi ambaye kila aliyejua mchezo alijua anastahili kuongoza, alikuwa chini yake. James alipiga kampeni kwenye gazeti alilolihariri, na baadaye mwaka ule Worrell akaiongoza timu kwenda Australia.

Hiyo ndiyo tofauti ya mwandishi na mpiga kelele. Wote wawili waliziona chupa. Mmoja akauliza: mbele yuko nani, na nani kamweka?

Uandishi huu unaua

Kuna atakayesema haya ni mambo ya ladha tu, mwingine anapenda moto, mwingine anapenda orodha. La hasha. Tarehe 15 Aprili 1989 watu walibanwa mpaka kufa katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield. Idadi yao sasa inahesabiwa 97. Habari iliyotoka mapema ilikuwa ipi? Mashabiki walevi. Gazeti kubwa la Uingereza likaiweka ukurasa wa kwanza. Maiti zilipimwa kiwango cha pombe, mpaka za watoto. Ilichukua miaka 27, mpaka 2016, kwa baraza la mahakama kusema kwamba watu wale waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio: geti lililofunguliwa, njia ambayo haikufungwa, askari aliyeshindwa kuamua.

Afrika nayo inajua. Accra, tarehe 9 Mei 2001, mashabiki walivunja viti wakavirusha, polisi wakapiga mabomu ya machozi, na mageti yalikuwa yamefungwa. Watu 126 hawakurudi nyumbani. Aliyevunja kiti alikosea. Lakini kiti hakikuua watu 126.

Kwa hiyo mwandishi anapoandika "umati uliolewa" na kunyamazia geti, anamwandikia mtu mwingine utetezi. Na hapa kwetu kuna swali la pili: pombe yenyewe inatoka wapi? Simba na Yanga walivaa bia ya Kilimanjaro kifuani kwa miaka. Taifa Stars nayo imedhaminiwa na bia. Ligi Kuu ya wanawake imewahi kubeba jina la bia. Kriketi ni yaleyale; Castle Lager ilikuwa kwenye jezi za Afrika Kusini. Bia iko kifuani mwa mchezaji, iko kwenye bango, iko kwenye tangazo la mapumziko, halafu mtu wa jukwaa la bei ya chini akiinywa, tunamwandikia makala ya kumshangaa. Anayekaa jukwaa kuu na glasi mkononi ni mgeni wa heshima. Waingereza wa Barmy Army wanazunguka dunia na bia na nyimbo zao tangu miaka ya 1990 na dunia inacheka nao, eti ni vituko. Mnywaji wa wanzuki akiimba Tabora, huyo ni mhuni.

Sasa, dada zangu wawili wameshaniambia hawatakanyaga tena uwanjani, na wana haki. Wameshikwa, wametukanwa, wamemwagiwa pombe. Nami nimewahi kuhama jukwaa kwa sababu ya mtu mmoja aliyelewa. Sitaki mtu asome makala hii kama kibali cha ulevi. Ila angalia: kwenye habari ya dada zangu tatizo lina mtu, lina sura, lina mahali, na lina mlinzi aliyekuwepo akatazama pembeni. Ukiandika "umati" umemficha huyo mshenzi katikati ya watu elfu kumi wasio na hatia. Hata anayetaka ulevi ukome anahitaji mpangilio: nani aliuza, nani alikaa wapi, nani alipewa kazi ya kulinda.

Ninachodai

Tarehe 7 Novemba 2024 Tabora United waliifunga Yanga 3-1 kule Chamazi, Dar es Salaam. Mji ulisherehekea, na ndiyo, watu walikunywa. Wiki nzima nilisoma makala juu ya mgogoro wa Yanga, hasira za mashabiki wa Yanga, na kocha Miguel Gamondi aliyeondoka siku chache baadaye. Timu ya mji wetu ilikuwa imekwenda umbali uleule wa njia ya zamani, ikaifunga timu kubwa ya nchi, na sikukuta makala hata moja iliyonieleza walijipangaje. Tumerudi 1860. Wabeba pembe wamefika salama, na mwandishi anatafuta kibuyu.

Wenzetu Wasukuma, katika mashindano ya ngoma ya Wagalu na Wagika, wanapima ushindi kwa kutazama watu wamekwenda upande gani. Pale watazamaji wana kazi: wanatathmini, wanahama, wanarudi. Mcheza ngoma anapanga lini atoe jambo lake kubwa ili awavute. Nani atangulie, nani asubiri. Watu na mpangilio havitenganishwi. Elimu hiyo tunayo jirani kabisa, na bado tunaandika kama Burton mwenye homa.

Kwa hiyo nawaomba wahariri, waandishi, na nyinyi mnaoshiriki makala hizi kwenye simu zenu: ikataeni ile makala ya walevi. Irudisheni kwa mwenyewe. Mtu akitoka uwanjani na daftari lake, mwambieni aanze kwa kutaja nani aliingia namba sita, kabla ya nani, na kwa agizo la nani. Akishalijibu hilo, kama bado ana nafasi, atueleze nani alilewa.